Kigingi cha Kati

Mimi ni mpima ardhi. Naanza hapo
ili usinitarajie maneno ya asali.
Miaka ishirini na sita nimebeba darubini ya miguu mitatu
katika mji wa chuma, kaskazini mwa Uswidi,
ambako mgodi umekula chini ya nyumba
mpaka nyumba zikaamriwa kuhama.

Tulihamisha mnara wa saa. Tulihamisha benki,
duka la viatu, sanamu ya mchimbaji asiye na pua.
Uwanja wenyewe tuliupeleka mashariki,
na wiki haikwisha watu wakawa wanasema, "Naenda mjini kati,"
wakaenda huko kupya bila kugeuza shingo.

Hilja Kumpula, jirani yangu, ana miaka themanini na mbili.
Alikuwa mpishi wa kantini ya mgodi.
Kila uchaguzi husema lile lile:
"Mimi ni mtu wa kati. Sijasogea hata unyayo."
Nami, kwa ugonjwa wa kazi yangu,
nikataka kumpima.

Mwaka wa sabini na tisa, anasimulia,
kusema reli na umeme ni mali ya umma,
kusema shule si duka,
kulikuwa kama kuomba chumvi mezani;
hata meneja aliyasema huku akitafuna.
Leo akiyatamka kwenye foleni ya kura
kijana mwenye beji humtabasamia
kama atabasamiaye kofia ya kizamani:
"Bibi, kumbe wewe ni wa kushoto kabisa!"

Na yale ambayo yangenyamazisha kantini nzima,
vijiko vikaning'inia hewani,
habari za nani ni mgeni na nani arudishwe kwao,
daktari wa meno huyasema juu ya ua, akikata nyasi,
na kuyaita busara.

Lakini usiniwahi. Uzi haukuvutwa upande mmoja.
Juni iliyopita Sixten na Jouni walifunga ndoa,
na ugomvi pekee siku ile ulihusu keki.
Mjomba wake Sixten aliuhama mji usiku,
na sanduku moja, kwa uvumi tu.
"Nawe ulisema nini?" nilimuuliza Hilja.
Akakitazama kikombe. "Nilisema, aende salama.
Nilidhani huo ndio ukati."

Wavutaji wapo; mwamba ngoma huvutia kwake.
Lakini wengi hawakuvutwa na mtu.
Walikufa tu, na neno lao mdomoni,
vitini pao wakaketi waliolelewa na redio nyingine.

Katika kazi yetu kuna kosa moja linalonikosesha usingizi:
vigingi vyote vikisogea pamoja, kamba haisemi.
Unapima, unapata sifuri, unaandika: *imara*.
Ndiyo sababu hutafutwa alama ya mbali, isiyohama.
Sisi tuliuchagua mlima.
Miaka mitatu tuliuamini,
mpaka mwanafunzi mmoja, Ronja, akauliza kwa upole
kama si mlima huo huo tunaouchimba.

Jumapili ya kura, Septemba, umande umeshaganda.
Nilimkuta Hilja kwenye uzio wa waya
mahali palipokuwa shule, kadi yake mkononi,
mbele yake shimo, na miti ya bechi ya manjano
ukingoni, mizizi nje.
Miguu ilimleta yenyewe, alisema.
"Wamekipeleka wapi kituo?"
"Mashariki, Hilja. Miaka miwili sasa."
"Mbali?"
"Kilomita tatu."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Ndani ya gari alifuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti.
"Na wewe," akasema, "mwenye vyombo vyako. Uko wapi?"
"Kati," nilijibu, upesi mno,
kama mtu aulizwaye jina lake gizani.
Hakusema kitu.
Alinyoosha kidole nisije nikapita njia panda.